Kaburi la Mguu

Kaburi la Makarius lilikuwa fupi kuliko Makarius mwenyewe. Lilichimbwa kwa urefu wa mpini wa jembe, ubavuni mwa kaburi la baba yake kule Mshangano, ukazikwa humo mguu wake wa kulia, uliosagika siku basi lilipopinduka kwenye barabara kuu ya Tunduru, karibu na Nakapanya. Mwenyewe alikuwa hospitalini, amelazwa usingizi kwa dawa, hajui kama ana msiba.

Kumzika mtu kiungo chake ni heshima. Nyama ya mtu haitupwi kama maganda ya ndizi. Katekista alisali sala fupi, majirani wakarudisha udongo. Kosa lilikuwa la mdogo wake, Fulgence, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufanya jambo nusunusu. Alichonga msalaba, akaandika juu yake jina lote la kaka yake. Alipoulizwa, alishangaa. "Sasa mguu una jina lake peke yake? Ningeandika nini?"

Basi mpelelezi wa kampuni ya bima alipofika Mshangano kuulizia majeruhi, macho yake yaliangukia msalaba ule. Akaupiga picha, akaenda zake. Makarius, aliyekuwa akiuguzwa kwa dada yake Bombambili, alipojikongoja hadi ofisini kufuatilia fidia, aliambiwa kwa upole kwamba madai ya majeruhi yamefungwa. Waje warithi wa marehemu.

Alirudi nyumbani akicheka, mpaka gongo la kutembelea likamponyoka. Dada yake, Oliva, hakucheka. "Lisemwalo lipo," alisema akiliokota, "na kama halipo, laja."

Kicheko nacho hakishoni nguo. Makarius alikuwa fundi nguo; cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na sasa ilikaa pembeni imefunikwa kanga. Bila fidia hapakuwa na mguu wa bandia, na bila mguu hapakuwa na ufundi. Mtu aliyewashonea sare watoto wa mtaa mzima alikuwa akisubiri kuletewa uji kitandani. Ilimuuma kuliko kidonda.

Lilikuwapo pia jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Mguu uliozikwa alikuwa bado anausikia. Daktari alimtahadharisha kwamba kiungo kilichokatwa huweza kuuma, lakini haya hayakuwa maumivu. Mvua ikinyesha, alisikia ubaridi wa udongo ukipenya vidoleni. Na kila asubuhi alisikia kitu chepesi kikipita juu ya unyayo, kikirudi, kikipita tena. Siku moja kilipokoma tu, simu ikaita. Alikuwa mama yake, Walburga, kutoka Mshangano.

"Nimetoka kukufagilia, mwanangu."

"Umenifagilia mimi, mama, au umefagilia mguu?"

"Huku unanisikiliza zaidi," mama akasema.

Hatimaye kampuni ilimtuma ofisa mwingine, dada mmoja mpole aitwaye Rosemary. "Kaka Makarius, mimi nakuona uko hai," alimwambia. "Ila faili linasema kuna kaburi. Twende tukalione. Kama ni la mguu, hata urefu wake utasema." Makarius alifurahi. Alijitundika shingoni futi yake ya kupimia nguo, wakapanda bajaji hadi Mshangano.

Aliliona kwa mbali. Kaburi lilikuwa refu. Udongo wake haukuwa mpya. Nyasi zilikuwa zimeota sawasawa, kutoka msalabani hadi mwisho.

"Fulgence, umeongeza udongo?"

"Kaka, nililichimba kwa mikono hii. Mpini wa jembe, basi." Fulgence hakuthubutu kusogea karibu.

"Mama?"

"Mimi nafagia tu," alisema Mama Walburga. "Niliona linakua, nikasema labda ni mvua."

Makarius aliinama juu ya magongo yake, akanyoosha futi kuanzia msalabani. Futi ikaisha kabla kaburi halijaisha. Aliweka kidole pale, akaisogeza, akapima kipande kilichobaki. Fundi hasahau vipimo, vya kwake mwenyewe ndiyo kabisa, na hiki kilikuwa kimo chake. Aliikunja futi taratibu.

"Ngapi?" aliuliza Rosemary.

Makarius aliitia futi mfukoni. Rosemary alilitazama kaburi, akausoma msalaba, kisha akamtazama yeye kutoka kwenye magongo hadi usoni, kwa muda mrefu. Alipozungumza tena, lile neno "kaka" halikuwapo.

"Samahani," alisema. "Wewe ni nani wa marehemu?"

Makarius alifungua kinywa ataje jina lake. Lilikuwa pale mbele yake, kwa mwandiko wa Fulgence. Mama alikuwa ameshachukua ufagio, akaanza kufagia upande wa miguuni, polepole, kama kawaida yake. Makarius akausikia ufagio kwenye unyayo wa kulia. Kisha akausikia kwenye wa kushoto, uliokuwa ndani ya kiatu.