Sabato Haifagiwi

Ijumaa mchana Kemuma alikuwa akimenya ndizi mlangoni mwa jiko pale mama mkwe wake, Nyamusi, alipopanda kutoka nyumba ya chini, ufagio mkononi, kumwambia kwamba maneno yake Kemuma yameingia tena nyumba ya chini.

“Yamepita chini ya mlango yakafika mpaka kwenye mafiga,” alisema. “Mokamwana, mke wa mwanangu, ukiandika, funga mlango.”

“Yalikuwa yapi, mama?”

“Yale ya kwamba nilisikia ukilia nikaongeza sauti ya redio.” Nyamusi alikung'uta ufagio ukutani. “Nimeyamwagia majivu. Yamekimbilia shambani, kwenye majani chai.”

Kemuma akaomba radhi, akaendelea kumenya. Mtu na mama mkwe wake ni heshima, hata pale heshima inapokwama kooni.

Kuandika hakukuwa wazo lake. Alikuwa ameenda zahanati moja upande wa Kebirigo kutafuta dawa ya vidonda vya tumbo, maana tumbo lilimkata kama aliyemeza wembe. Dawa hazikufaa kitu, na mwishowe akapelekwa kwa mshauri, Lavender Adhis, msichana wa kutoka ziwani mwenye sauti ya upole na Kiswahili cha haraka.

“Nunua daftari, dada,” Lavender alimwambia. “Kila siku andika vile unasikia ndani, hata kama ni mstari mmoja. Usijali mwandiko, na usionyeshe mtu. Utajijua.”

Na kweli Kemuma alijijua. Mwanzoni aliandika tu kwamba tumbo linauma. Kisha, akipekua nyuma, akaona kwamba Jumatatu haliumi. Jumatano linaanza kunung'unika. Ijumaa linauma tangu asubuhi, na Ijumaa ndiyo siku ambayo mumewe, Nyasani, hurudi kutoka kazini Kisii mjini. Kumbe havikuwa vidonda. Ilikuwa hofu, na siku aliyoiandika kwa jina lake alilala usingizi mzito kama mtoto.

Shida ni kwamba maneno hayakukaa daftarini. Wino ukikauka yalijinyanyua, yakashuka kwa mguu wa meza na kutoka mlangoni kwa msururu, kama siafu wakati wa mvua, kila sentensi ikienda kwa mtu inayemhusu. Ya Nyamusi yalikwenda kwa Nyamusi. Ya Mzee Omosa wa kanisani, aliyemshauri avumilie kwa sababu mwanamume ni mtoto mkubwa, yalivuka mto yakapanda mpaka kwake. Watu waliyakuta mlangoni, wakayasoma, wakayafagia. Hakuna aliyeuliza kama ni ya kweli. Walilalamika tu kwamba yanachafua uwanja.

Ya Nyasani mwenyewe Kemuma hakuthubutu kuyaandika. Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho chake kilikuwa na mkanda mpana. Aliandika kwamba kidole kimevunjika, asiseme nani alikivunja, na sentensi isiyo na mtu ilizunguka tu mezani kwa kutojua iende wapi.

Ijumaa hiyo, ndizi zikiwa zimeshaiva, tumbo lilimshika kuliko siku zote. Mshauri alikuwa amemwambia aandike pale pale linapouma, asingoje litulie. Akaketi. Akaandika jina la Nyasani, na hilo lilipotoka mengine hayakuzuilika: mkanda, kidole, meno, mimba iliyotoka mwaka jana, nani alikuwa karibu, nani alisikia. Akajaza kurasa, na kwa kitambo kifua chake kikawa chepesi kabisa. Alipoinua kichwa, daftari lilikuwa jeupe na mkia wa maneno ulikuwa ukivuka kizingiti.

Akanyakua ufagio akakimbia. Yalikuwa yamekwisha kugawanyika: haya kwa Nyamusi, haya kwa jirani yake Persis, haya kanisani, na msururu mnene kuliko yote ukielekea getini, anakoshukia Nyasani. Alikuwa ameinua ufagio juu ya huo mnene pale sauti ya mama mkwe ilipotoka chini.

“Weka chini! Jua limezama. Sabato haifagiwi.”

Jua lilikuwa limezama kweli, na Sabato ilikuwa imeingia mpaka jua la kesho lizame. Kemuma, aliyelelewa hivyo tangu utotoni, aliweka ufagio chini. Mkono ulitii kabla moyo haujaulizwa.

Nyasani alishuka kwenye bodaboda akayakuta getini. Aliinama akayasoma yote kwa tochi ya simu, bila haraka. Akapangusa viatu, akaingia, akawaongoza mkewe na binti yao Bitutu katika wimbo wa kuikaribisha Sabato. Ana sauti nzuri. Ndiye besi wa kwaya.

“Tutazungumza,” alimwambia Kemuma baada ya sala. “Lakini si leo. Hii ni siku takatifu.”

Asubuhi ngazi za kanisa zilikuwa zimejaa maneno. Wanawake waliinua sketi wakavuka. Watoto waliojua kusoma walisoma kwa midomo mpaka walipofinywa. Kemuma aliketi nyuma, na bado alikuwa na tumaini: sasa wamesoma wote, tena mbele ya wenzao, hakuna atakayesema hakujua. Lazima mtu atasimama. Mzee Omosa akasimama. Alisoma matangazo, na mwisho akawaomba washiriki warudi jioni, jua likishazama, kila mmoja na ufagio wake.

Nyumbani Nyasani alikula ndizi zilizopikwa jana, akashukuru. Kisha akaweka kiti katikati ya mlango, akaketi akilitazama jua. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kwa maana hajawahi kuivunja Sabato tangu abatizwe. Kemuma alilitazama jua lile lile kutoka nyuma ya bega lake, akiliomba kwa machozi lisishuke.

Alasiri alikuja Persis. Alikuwa ameyasoma ya kwake vizuri, maana hakumtazama Kemuma usoni.

“Mama Bitutu, nimekuja kuchukua mtoto,” alisema. “Leo atalala kwangu.”

“Yeye tu?”

“Yeye tu. Nyumba yangu ni ndogo.”

Nyasani alisogeza kiti mtoto apite, akakirudisha. Persis akamshika Bitutu mkono, wakaenda wakiruka maneno njiani.

Jua likashuka. Kutoka kanisani ulisikika wimbo wa kuiaga Sabato, na Nyasani akauitikia pale kitini mpaka ubeti wa mwisho. Kisha, kwenye ngazi za kanisa, kwa Persis, nyumba ya chini kwa Nyamusi, mlima mzima, watu wakaanza kufagia. Nyasani aliinuka, akaingiza kiti ndani, akafunga mlango, vumbi lisiingie.