Konokono wa Majirani

Ungetaka kumwona Émilienne akiwaka, ungemwambia tu kwamba umeona konokono kwenye bwawa lake. Angekupima kutoka juu mpaka chini, akakuuliza wewe ni wa familia gani na kama macho yako ni mazima. Katika bonde lote lile, juu ya barabara ya Baraka kwenda Fizi, mabwawa ya samaki yalikuwa yamejaa konokono wadogo wa kahawia. La Émilienne peke yake lilikuwa safi. Nani aliyesema ni safi? Émilienne mwenyewe, na kwake hilo lilitosha.

Tumpe haki yake, hakuwa anajivuna bure. Kabla ya vita, marehemu mumewe Casimir ndiye aliyeleta bondeni vifaranga vya kwanza vya tilapia, kutoka mradi mmoja wa wageni ambao baadaye ulifungwa bila kuaga. Vita ilipokuja, ziwa lililo chini ya bonde likawa mali ya wenye bunduki. Wavuvi wa Swima, kijiji cha ufukweni, walikatazwa kushuka majini usiku, na samaki waliokuwa wakipandishwa mlimani kuuzwa wakapotea. Basi kila mwenye kipande cha bonde akachimba bwawa, na kila aliyechimba akaenda kwa Émilienne kuomba mbegu ya samaki. Naye alitoa, kwani roho ya uchoyo hakuwa nayo. Alijaza beseni, akafunika samaki kwa majani ya majini wasichomwe na jua, akajitwika mwenyewe mpaka mlangoni kwa mwombaji.

Beseni la mbegu lilikuwa na adabu zake. Lilikuwa halichujwi. Ukimwaga maji ya mtu ukabakiza samaki tu, umemwambia waziwazi kwamba samaki wake unawataka ila yeye mwenyewe humtaki. Lilimiminwa lote, maji na majani na matope, mtoaji akiangalia, kisha mkakaa kula pamoja. Na kila jeshi lilipopita na kumaliza samaki wa mtu, majirani walikuja na mabeseni yao kumwanzisha upya. Kwa upendo huo konokono walizunguka bonde zima bila kuchoka.

Roger, muuguzi wa dispensari, ndiye aliyekuja kulivuruga jambo hilo. Jumapili moja alisimama baada ya ibada akaeleza kwa nini watoto wengi walikuwa wanakojoa damu.

"Ile konokono mudogo anafuga mududu," alisema. "Mududu anatoka, anaingia mu ngozi ya mutoto mwenye kuogelea. Mutoto naye akikojoa mu bwawa, anamurudishia konokono mududu yake. Na konokono moja tu inatosha. Iko dume, iko jike, inazala yenyewe! Mayai yake inashikana chini ya majani, sawa kamasi. Ukikausha bwawa, inajifungia mu matope, inangoja mvua."

Mjane mmoja aliuliza kama hiyo dawa ya kuzaa bila mume ilipatikana pale dispensari, na kanisa likacheka. Émilienne hakucheka. Alikuwa na mjukuu nyumbani, Aline. Mama yake Aline alikwenda Misisi kuwauzia wachimba dhahabu chakula, na vita ikamfungia huko. Mtoto alikuwa ndiye kila kitu alichobakiwa nacho, na aliogelea kwenye bwawa hilo kila siku ya Mungu.

Tangu Jumapili ile, mwaka baada ya mwaka, hakuna maji ya jirani yaliyoingia kwa Émilienne. Waliomletea mbegu aliwaambia bwawa limejaa. Waliompita kisimani aliwasimamisha kuwaonyesha Aline. "Angalia wa kwangu," alisema. "Wa kwangu hakojoi damu." Na alipookota konokono ukingoni, alimrusha ng'ambo ya uzio na kuwalaani bata wa Georgette, kwamba wanambeba kwenye miguu yao. Georgette alikuwa wifi yake, dada mdogo wa Casimir, akikaa bondeni chini kidogo. Bata wake hawakuwa wengi, lakini kwa maneno ya Émilienne hawakulala. Yote hayo Georgette aliyasikia.

Kisha wakaja wanajeshi. Wa upande gani, usiulize. Wakati ule kila jeshi lililopita Fizi lilikuja kuwakomboa watu. Watu walikimbilia msituni, na hawa wakabomoa ukingo, wakaachia maji, wakakomboa tilapia wa Émilienne wote, mpaka wa saizi ya kidole. Wakawakomboa na bata wa Georgette. Wakaondoka bila kungoja shukrani.

Émilienne aliporudi alikuta shimo la matope. Alisimama ukingoni, Aline akiwa ubavuni mwake, na akaona matope yanatembea. Konokono walikuwa kila mahali, juu ya mawe, kwenye mashina ya majani, wamejaa kama maharage yaliyoanikwa. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Ona vile basoda balileta konokono na mabuti yabo," alimwambia mtoto kwa sauti kubwa.

Kabla Aline hajajibu, majirani walikuwa wanafika. Darius alitangulia na jembe, akaziba ukingo na kurudisha maji ya kijito. Nyuma yake alikuja Marthe, na Georgette, na wengine ambao Émilienne aliwafukuza miaka yote hiyo, kila mmoja na beseni kichwani. Wengine waliacha mabwawa yao karibu matupu. Roho ya Émilienne iliyeyuka, na machozi yakamjia. Lakini Georgette alipotua beseni lake, Émilienne aliona ute wa mayai chini ya jani, na kiburi kikasimama tena.

"Muniwie razi," alisema. "Hii maji siwezi pokea. Mutoto wangu iko muzima. Mukimwanga konokono yenu hapa, kesho naye atakojoa damu."

Darius akaangalia jembe lake.

"Wifi," alisema Georgette taratibu, "ile konokono haiko ya kwetu."

"Iko ya nani?"

"Ya kwako. Beseni ya kwanza uliniletea, niliiona chini ya majani. Nikaimwanga na samaki."

"Na kwangu vilevile," akasema Marthe.

"Na sababu ya nini hamukuniambia?"

"Mutu anakuletea samaki wakati batoto banalala njaa," Georgette akamjibu. "Ungemuambia nini?"

Émilienne alitafuta pa kushika, akamshika mtoto begani. "Lakini Aline wangu hana kitu! Kama konokono ni ya kwangu, mbona Aline iko muzima?"

Aline ndiye aliyejibu, akitazama chini.

"Koko Georgette alinipeleka kwa Roger kunipatia dawa. Mara mbili. Alimuambia Roger mi ni mutoto wake."

"Na we haukuniambia? Mi koko yako?" bibi akauliza.

"Kila siku ulikuwa unaambia batu ya kwamba mi sikojoi damu," mtoto alisema. "Niliogopa kukuharibia."

Émilienne aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona, hata mbele ya wenye bunduki. Miaka yote hiyo aliwinda konokono ukingoni, na damu ya mtoto ndani ya nyumba yake hakuiona. Akainama, akabeba beseni la Georgette, akalimimina lote, maji na majani na matope. Hakukuwa tena na cha kulinda ndani ya bwawa lile isipokuwa adabu. Akapokea na la Marthe, na ya wengine wote. Walipokwisha kula, alikata miiba akazungushia bwawa, na yeyote aliyeuliza alijibiwa kwamba ni marufuku mtoto kuingia.

Kesho yake alimshika Aline mkono wakashuka dispensari. Benchi lilikuwa limejaa akina mama wa bonde zima. Roger alimtambua mtoto, akatabasamu.

"Huyu ni mutoto wa Georgette, sivyo?"

"Hapana," alisema Émilienne, na akapaza sauti mpaka mwisho wa benchi. "Ni mujukuu wangu mi, Émilienne. Na konokono nayo iko ya kwangu."