Picha Ishirini na Tano kwa Sekunde

Kidawa alikuwa akimchapia mtu barua ya kuomba kazi, wakati Bibi Mwanne alipoingia dukani kwake, pale Mlandizi nyuma ya stendi, akaiweka DVD mezani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wameikataa, mwanangu. Karani kasema video ya mume wangu imechezewa."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Shauri lingesikilizwa saa nane mchana, Kibaha, na halikuwa na tarehe nyingine.

Miezi miwili kabla ya kufa, Mzee Mwinyimadi alilizunguka shamba lake la Mzenga kwa mkongojo, mjukuu akimrekodi kwa simu. Alionyesha mpaka mkorosho kwa mkorosho, akasema hajamuuzia Mfaume hata hatua moja. Sasa Mfaume alikuwa akilidai shamba kwa karatasi ya mauziano yenye alama ya dole gumba, na mjane alikuwa na video tu. Ofisi inayosikiliza mashauri hayo haikupokea simu. Ilitaka DVD inayocheza kwenye deki yao.

Kidawa ndiye aliyeichoma kutoka kwenye simu ya mjukuu. Akaitia kwenye deki ya dukani. Mwanzoni ilikwenda sawa. Kufika dakika ya kumi, sauti ilianza kuachwa nyuma na mdomo. Dakika ya thelathini mzee alikuwa amefumba mdomo kabisa, na sauti ndiyo kwanza inasema, "Mfaume anadanganya."

Kidawa aliisimamisha deki. Simu ile ilinasa picha bila mpangilio, mara thelathini kwa sekunde, mara ishirini na mbili penye kivuli cha mikorosho. Deki ilitaka ishirini na tano, mwanzo hadi mwisho. Ilibidi kwanza azinyooshe ziende mwendo mmoja, ndipo azigeuze. Siku ile wateja walijazana, akaiachia kompyuta ijiamulie, na hakuitazama DVD hadi mwisho.

"Hakuna aliyemchezea mzee," alisema. "Kosa ni langu, bibi. Nilifanya haraka."

Bibi Mwanne alivuta kiti, akakaa. "Basi rekebisha."

Kompyuta ilikuwa kongwe. Umeme ulikatika mara moja, akaanza upya. Saa sita kazi ikaisha, na safari hii waliitazama yote, dakika arobaini, wamekaa bega kwa bega. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Mzee alipokohoa, kifua kilitikisika na kikohozi kikasikika papo hapo. Bibi Mwanne alivuta ncha ya kanga, akajifuta uso.

"Ndiye," alisema. "Jana hakuwa yeye."

Kidawa alifunga duka wakapanda basi la Kibaha, DVD mpya na simu ya mjukuu mkobani.

Karani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliitia DVD kwenye deki akatazama dakika tano.

"Hii inacheza vizuri," alisema, akaitoa. "Tatizo ni kwamba ya jana nimeshaandika imehaririwa. Ukiniletea nyingine leo, maana yake umeihariri tena."

"Sijaihariri. Nimelinganisha idadi ya picha kwa sekunde. Maneno ni yale yale. Simu hii hapa, itazame mwenyewe."

"Simu hatupokei."

"Kwa hiyo mtajuaje ipi ya kweli?"

"Wewe ni mtaalamu? Una cheti?"

Kidawa hakuwa na cheti. Alikuwa na miaka tisa ya kuchoma DVD za harusi na maulidi. Akaomba karatasi, akaandika kwamba kosa la DVD ya kwanza ni lake yeye, fundi, wala si la mjane, akaweka jina, namba ya simu na sahihi.

"Unajishtaki, dada," karani alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu wa leseni wakiiona hii wanakufungia duka."

"Gonga muhuri."

Karani aliisukuma karatasi kwa kidole hadi ukingoni mwa meza. Hakugonga.

Saa tisa walikuwa nje na DVD yao. Ndani, uamuzi ulikuwa umeshasomwa, shamba ni la Mfaume, ambaye alipita mbele yao akamsalimia mjane kwa heshima zote. Mjane alimpa mgongo.

"Nisamehe, bibi," Kidawa alisema.

Bibi Mwanne alikuwa akiitazama barabara. "Hiyo DVD, unaweza kuchoma nyingine?"

"Wameshakataa, bibi."

"Si za hawa. Kule Mzenga nyumba zenye deki nazijua. Nichomee kumi. Waliozaliwa naye watazame, na watoto wao watazame."

Kidawa alichoma kumi na tano jioni ile, akazijaribu moja moja. Wiki hiyohiyo vijana wa Mfaume walipokuwa wakichimba mashimo ya vigingi katikati ya mikorosho, nyumba za jirani ziliwasha deki, na marehemu Mwinyimadi akawa anatembea ndani ya televisheni, anaitaja mipaka yake. Vijana waliisikia sauti hadi shambani. Wakaendelea kuchimba.