Bei ya Upepo wa Touria

Mfaddal alishuka garini akimburuta kondoo dume, na Touria, aliyekuwa dirishani, akajua kwamba maji yamemfika kaka yake shingoni.

Aliingoja siku hii tangu baba yao azikwe. Matanga hata hayajaanuliwa, Mfaddal alijitwalia kiwanda cha kuyeyusha alumini, kiwanda ambacho Touria ndiye aliyekiendesha baba alipougua. Yeye akaachiwa kilima cha mawe nyuma ya mji wa Tetouan, Moroko, mahali ambapo hata mbuzi hapati cha kutafuna. "Wewe una mdomo, kashindane na upepo," kaka mtu alimwambia mbele ya wajomba, na wajomba wakacheka hadi chai ikawamwagikia. Kicheko kile Touria hakukisamehe, wala hakutaka kukisamehe.

Sasa kilima kina minara ya kufua umeme wa upepo, yeye na benki wakiwa wabia. Mfaddal bado alikuwa akichoma mafuta mazito, na Wahispania wanaonunua fremu zake za madirisha walikuwa wamemwambia waziwazi: mzigo ulioyeyushwa kwa moshi utatozwa kodi mpakani, na tozo itatoka mfukoni mwake. Umeme safi uliokuwa karibu ulikuwa wa kilima kile tu. Akiukosa, atafunga kiwanda.

"Lalla Touria! Toka nje, dada yangu!" Leo alimwita Lalla, bibi mheshimiwa.

Kabla hajaufikia mlango, kisu kilikuwa kimeshapita shingoni mwa kondoo. Damu ikatapakaa kizingitini. Mjanja, huyu! Ukichinjiwa mlangoni kwako halafu ukakataa ombi, laana ni yako, na katika milima ile hakuna anayeichezea laana hiyo, hata awe mbia wa benki.

"Nimekuchinjia," Mfaddal alisema akihema. "Nipe umeme wako."

"Ndilo ombi lako? Umeme tu?"

"Umeme tu, wallahi."

"Basi nimekupa. Wote unaoutaka."

Mfaddal akashusha pumzi, akainama ambusu kichwani. Touria akarudi nyuma.

"Taratibu, kaka. Bado hatujasema bei."

"Aa, kwani mimi na wewe tuna bei? Nifanyie ya ndugu."

"Ya ndugu hasa. Chukua gharama ya mafuta unayochoma, jumlisha na tozo ya Wahispania. Hapo nakupunguzia kidogo, kidogo tu, usije ukatamani kurudi kwenye mafuta."

Midomo ya Mfaddal ikawa inacheza, anapiga hesabu. Uso ukamsawijika.

"Lakini faida yote ya kuacha moshi utaichukua wewe! Mimi nibaki na nini?"

"Na kiwanda. Si ndicho ulichokitaka? Tanuri litawaka, wafanyakazi watalipwa, na wewe utanitumikia mpaka meno yakutoke."

"Touria, nimemwaga damu mlangoni kwako! Huogopi?"

"Niogope nini? Umeomba, nimekupa. Kawaite wajomba waje waamue, na mimi nicheke kidogo."

Mfaddal alitazama kilimani, akatazama gari lake. Hakuwa na pa kwenda.

"Tunaandikiana mkataba lini?" aliuliza.

Touria alisikia moyo wake ukipoa, raha tupu, wala hakuionea haya. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na ufagio.

"Kesho asubuhi. Sasa inua miguu, nisafishe."

Mwenye kiwanda akainua mguu mmoja, kisha wa pili.