Vibao vya Kinyozi

Kibao kilimchomoka kinyozi kiganjani katikati ya bwawa, kwa mara nyingine tena asubuhi hiyo, kikazama taratibu kikiyumba hadi chini. Akasimama akihema, maji yakimfika kifuani, na la kwanza alilofanya ni kutazama nani kamwona. Shemeji yake, dereva wa lori, alikuwa amekwisha kugusa ukuta na meno yote yako nje.

"Shemeji, leo unaogelea au unapanda mbegu?"

Kinyozi akacheka kwa shingo upande. Vibao vile vya plastiki, vilivyozidi viganja vyao kidogo tu, mwalimu wao wa kuogelea ndiye aliyewagawia ili wajifunze kuyashika maji vizuri. Kila kimoja kilikuwa na kipira cha kupitisha kidole cha kati. Kipira cha pili, cha kufunga kifundo cha mkono, mwalimu alikuwa amekitoa makusudi, yakabaki matundu matupu.

"Mwalimu, hivi havishiki," akalalamika.

"Vinashika sana," mwalimu akajibu kutoka ukingoni, mikono kiunoni. "Mkono ukiingia vibaya ndiyo vinakuaga. Okota, nisikae hapa mchana kutwa, mimi mama wa watu."

Kuokota! Hilo ndilo lililomkera. Baba yake, aliyemrithisha kiti na kioo cha kinyozi, alimlea kwa sheria moja tu: ukiangusha mkasi mbele ya mteja, huyo mteja umeshampoteza. Miaka yote ile hakijawahi kumponyoka hata kitana. Leo aonekane anaangusha vitu hadharani, tena mbele ya shemeji?

Jioni ile alikata vipande viwili vya lastiki kutoka kwenye kitambaa kikuukuu cha kufunikia wateja, akavipitisha kwenye yale matundu, akavipiga fundo. Alipoingia tena majini, vibao vilimganda kama kucha zake mwenyewe. Alikwenda mbio, shemeji akabaki nyuma akila mapovu. Raha gani ile! Mkewe, aliyekuwa akisuka nywele upande wa pili wa duka lao, alisimuliwa habari hizo mpaka akazikariri.

Baada ya muda bega likaanza kumsumbua. Akasema ni uchovu. Likawa linauma akivaa shati, akasema ni baridi.

Mpaka siku baba yake alipokuja kunyolewa. Mzee hakuruhusu mtu mwingine kugusa kichwa chake. Akaketi, akafumba macho kama kawaida yake. Kinyozi akamaliza upande mmoja, akainua mashine kuelekea utosini, na mkono ukagoma njiani. Akajaribu tena. Maumivu yakamshuka toka begani hadi kiwikoni, jasho likamtoka.

"Umemaliza?" mzee akauliza, macho bado kayafumba.

"Bado, baba."

"Mbona kimya hivyo?"

Kinyozi akaishusha mashine. Aliogopa, na woga ule ulikuwa mgeni kwake: kinyozi asiyeweza kuinua mkono, huyo ni nani tena? Mkewe akanawa mikono, akaichukua mashine, akamalizia kazi. Mzee akajitazama kiooni, akageuza shingo huku na huku.

"Mkwe wangu ana mkono mwepesi," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe nenda kwa huyo mwalimu wako wa maji, akuambie umejifanya nini."

Mwalimu hakuhitaji maelezo marefu. Aligeuza vibao, akayaona mafundo.

"Hivi umefunga wewe?"

"Vilikuwa vinaanguka, Mwalimu."

"Si ndiyo kazi yake, kuanguka!" Akaketi kando yake ukingoni, hasira zikamshuka. "Tazama. Kiganja kikiingia mshazari, maji yanakisukuma kibao kitoke. Kikitoka, bega limesalimika. Sasa wewe umekifunga, nguvu yote ile unadhani inakwenda wapi?" Akamgusa begani kwa kidole, kinyozi akakunja uso. "Umeona? Inakuja hapa."

Daktari akasema bega limevimba ndani, halijachanika. Likapumzishwa. Mkewe akashika mashine, yeye akashika ufagio na hadithi, na kusema kweli duka halijawahi kucheka vile. Maumivu yalipokwisha, daktari akamruhusu kunyoosha viungo, kisha kuogelea polepole kwa mikono mitupu. Msimu ulikuwa umegeuka mwalimu alipompa vibao tena, vidogo kuliko vile vya kwanza, bila lastiki.

"Kwenda tu, kurudi hakuna. Bega likisema neno, simama. Sitaki ushujaa."

Kinyozi akajisukuma ukutani. Mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Katikati ya bwawa mawazo yakamponyoka kidogo, kiganja cha kulia kikaingia mshazari, na kibao kikatoka kidoleni.

"Kimeanguka hicho!" shemeji akapaza sauti, furaha tele.

Alikiona kupitia miwani yake, cheupe, kikishuka chini yake bila haraka. Kicheko kikamjia humo humo majini, mapovu yakampanda mashavuni. Hakusimama. Akaunyoosha ule mkono mtupu mbele, kiganja kikaingia sawasawa, akayasikia maji mazito yakijaa ndani yake. Kisha mkono ukatoka, ukapanda juu, juu zaidi, mwepesi, hauna neno la kusema.