Beti za Wenye Hisa wa Hvedø

Wewe ulitazama pembeni. Usijitetee. Ulipoishika ile chupa dukani uliona picha ya mbele tu: bomba la moshi la matofali mekundu, shamba la shayiri, bahari kwa mbali. Ukajisemea, aah, hii sasa ndiyo bia ya watu, imepikwa na mwenye jina lake. Hukuigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama choo cha inzi, na wewe hukutaka kuyajua. Ni kwa sababu ya watu kama wewe kisiwa cha Hvedø nusura kiuzwe kwa kuinua mikono, Jumamosi moja ya Machi, kati ya kahawa na nyama ya nguruwe.

Kilishawahi kuuzwa. Ragnhild Tofte anakumbuka, maana alikuwa ndani ya ukumbi ule ule wa kijiji, binti mdogo mwenye soksi za sufu zinazowasha. Wakati huo bomba la moshi lilikuwa la kiwanda cha maziwa, mali ya wafugaji wote wa kisiwa. Akaja bwana kutoka bara na tai shingoni, akasema hakuna kitakachobadilika. Keki ya krimu ikaletwa mezani. Mwendesha mkutano akauliza nani anakubali, na baba yake Ragnhild akainua mkono huku macho yake yako kwenye keki. Mwaka haukuisha, maziwa yakawa yanapanda feri. Baadaye mitambo nayo ikapanda feri. Halafu vijana. Bomba la moshi likabaki na njiwa.

Ragnhild naye aliondoka. Akapika bia za watu wengine huko Copenhagen mpaka nywele zikaanza kumgeuka, kisha akarudi, akawafukuza njiwa na kuweka matangi yake palepale yalipokuwa ya maziwa. Akawauzia wenzake hisa. Wanakisiwa walinunua, wenye nyumba za majira ya joto nao wakanunua, na kila mtu akaitundika hati yake kwenye fremu chooni, mahali ambapo mgeni hana budi kuisoma. Bia yenyewe ilikuwa nyeusi kidogo, chungu kidogo, na yenye moshi, kwa sababu kimea chake Ragnhild alikikausha kwa moto wa miti ya kisiwa. Watu walikuwa wanaipanga foleni kwenye maonyesho ya bia. Sasa kampuni kubwa ilikuwa imeisikia harufu.

Aliyeileta kampuni ni mwenyekiti wa bodi, Preben Holck, daktari wa meno wa Copenhagen, mwenye nyumba ya kuezekwa nyasi juu ya mlima mdogo wa kisiwa na sauti nzito ya kuimba ambayo hakuwa na haya nayo.

"Ragnhild, mpenzi wangu," alimwambia, "hakuna atakayekufa. Jina litabaki. Chupa itabaki. Bomba la moshi litabaki. Kitakachohama ni kupika tu."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa balozi wa bia."

"Balozi ana kazi gani?"

"Kupigwa picha."

Ragnhild alimshukuru sana, akatoka nje, akalipiga teke pipa tupu mpaka kidole kikavimba.

Alijua hesabu ya mkutano ilivyo. Wenye nyumba za majira ya joto walikuwa wengi kuliko wanakisiwa, na wote wangevuka siku hiyo kuja kukubali. Kura ni za mikono ya waliomo ukumbini, basi. Kura za kumwakilisha mtu alizifuta Preben mwenyewe, miaka mitatu nyuma, alipochoka na wazee wa kisiwa waliokuwa wakija na kura za wagonjwa wao mifukoni. Ragnhild hakusahau. Wala hakusahau kwamba nyumba za wageni wale zimefungwa maji tangu Oktoba ili mabomba yasipasuke kwa baridi, na kwamba wakati wa baridi feri ya mwisho ya siku huondoka saa kumi na moja jioni na haimsubiri hata askofu.

Akaenda kwa Asta, mpiga kinanda wa kanisa, bibi mwenye sikio moja zima na jingine bovu. Lile bovu humgeuzia mtu asiyempenda.

"Bi Asta, ule wimbo wa mazishi, ule wa taratibu, unaweza kuupiga taratibu zaidi?"

"Mwanangu, naweza kuupiga mpaka maiti akaomba tuharakishe."

Kisha Ragnhild akakaa jikoni kwake na kalamu, akaanza kutunga.

Sikiliza, watu wa kule wana udhaifu mmoja. Harusini, ubatizoni, siku mtu anapotimiza miaka sitini, hakuna shughuli bila wimbo wa kutungwa, unaopigwa chapa na kugawiwa, na ukishaanzishwa haukatwi. Nyumba inaweza kuungua, watamaliza beti zilizobaki huku wakitoka kwa mstari. Ragnhild akatunga, kwa mahadhi ya ule wa mazishi, wimbo wa kukipongeza kiwanda, na kila mwenye hisa akampa ubeti wake. Kila mmoja, kwa jina. Wanakisiwa akawaweka mwanzo. Wageni akawaweka mwisho, na wa mwisho kabisa Preben. Karatasi akazikata kwa mkasi zikawa na umbo la chupa. Katika ajenda akaandika: kipengele cha tano, wimbo, kipengele cha sita, kuuza. Preben, ambaye alionyeshwa ubeti wake mapema, alitia saini huku akitikisa kichwa kwa mahadhi.

Jumamosi ikafika na upepo wake. Ukumbi ukajaa makoti. Mezani kulikuwa na makreti ya bia ya bure, zawadi ya kampuni, iliyoletwa na mjumbe wake Troels, kijana mwenye raba nyeupe na meno ambayo bila shaka Preben aliyashughulikia. Bia hiyo Ragnhild hakuigusa. Chupa zilikuwa na picha ya bomba lake la moshi, na kila mtu alidhani ni bia yake iliyonunuliwa dukani, lakini ya kununulia kura aliapa hatainywa, akajimiminia maji.

Mwendesha mkutano alikuwa Birger, mwalimu mstaafu asiyekuwa na upande wowote ila upande wa kanuni. Akapiga kengele. Ripoti ikasomwa. Hesabu zikasomwa, watu wakapiga miayo kwa heshima. Troels akasema maneno mazuri kuhusu moyo wa kisiwa. Saa zilikuwa bado changa, na Preben alikuwa anajipigapiga mapaja kwa furaha.

"Kipengele cha tano," akasema Birger. "Wimbo."

Asta akagusa kinanda. Ukumbi mzima ukavuta pumzi, na ukaanza.

Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mfuga kondoo, aliyesifiwa kwa pua yake. Akasimama akainama. Watu wakapiga hurrah tatu, wakainua glasi, "Skål!", wakanywa, wakaketi. Wa pili ulikuwa wa mwenye duka. Akasimama, hurrah, skål, wakaketi. Wa tatu alikuwa chooni, ikabidi asubiriwe, maana ubeti wa mtu hauimbwi hayupo. Asta alipiga kila noti kama mtu anayevuta jiwe kisimani.

Kwenye ubeti wa mzee wa taa, mtunza mnara wa kuongozea meli, Preben aliinama kwa Birger. "Bwana, hatuwezi kuruka zingine?"

"Turuke wa nani?" akauliza Birger. "Nitajie jina, nimtangazie."

Preben akatazama ukumbi. Kila mmoja alikuwa ameushika ubeti wake kwa kidole gumba asije akaupoteza. Akakaa.

Mke wa wakili kutoka Copenhagen, mwanamke mwenye skafu ya gharama, alimgeukia mumewe. "Tutachelewa feri!"

"Bado beti nne tufikiwe."

"Basi twende."

"Amenifananisha na jogoo wa kanisani, yule wa chuma wa kule mnarani, Lisbet! Mbele ya watu wote! Siondoki."

Mwanga dirishani ukageuka rangi ya chai. Walipofikiwa wageni, walisimama mmoja mmoja wakiwa wekundu kwa raha, wakaimbiwa, wakainama, na kila aliyekwisha kuimbiwa akaanza kutafuta koti lake kimyakimya kwa mguu. Jogoo wa kanisani akafuta machozi. Ndipo honi ya feri ikalia kutoka bandarini.

Ukumbi ulipasuka kama gunia. Skafu, makofia, watu wazima wenye shahada mbilimbili wakisukumana mlangoni. "Preben, utatupigia kura!" mmoja akapaza sauti akiwa tayari nje.

"Haiwezekani," akasema Birger bila kuinua macho. "Kura ya kumwakilisha mtu ilifutwa. Mtoa hoja alikuwa Preben."

Preben hakuondoka. Labda kwa ajili ya uenyekiti, labda kwa ajili ya ubeti, mwenyewe hakusema. Alikuwa amebaki yeye, Troels asiye na kura, na kisiwa. Asta akaacha kupiga.

"Bado wangu!" akasema Preben.

"Unasemaje?" akauliza Asta, akimgeuzia lile sikio bovu.

"Wimbo umekatika kwa honi," akaamua Birger, "utamaliziwa baadaye. Kipengele cha sita. Wanaokubali tuuze, wainue mikono."

Ragnhild alikuwa anatabasamu. Aliinamia glasi yake ya maji ili watu wasilione tabasamu lenyewe, na alipoinua kichwa likamfia mdomoni. Preben alikuwa ameinua mkono, sawa. Lakini mfuga kondoo naye alikuwa ameinua. Mwenye duka. Mzee wa taa. Mikono ilikuwa inapanda meza hadi meza, na wenye mikono walikuwa wanatazama mlango wa jikoni, ambako nyama ya nguruwe na mboga za kabichi zilikuwa zinaanza kunukia. Walewale. Tena walewale! Yeye alikuwa amewavusha adui baharini, akasahau kuhesabu waliobaki nyumbani.

Akapapasa meza. Mkono wake ukashika kitu kilichokuwa karibu, kikawa chupa ya Troels, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaigeuza asome nyuma.

Akasoma mara mbili.

"Birger," akasema. "Subiri kidogo."

"Kura inaendelea."

"Kura iendelee. Mikono ibaki juu, sina neno. Ila kwa ule mkono mwingine, jamani, kila mtu ageuze chupa iliyo mbele yake."

"Ya nini?" akauliza mwenye duka.

"Geuza tu, Kresten. Wewe unauza vitu, hujawahi kusoma kilichoandikwa?"

Kresten akageuza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Mbele kulikuwa na bomba lao la moshi. Nyuma iliandikwa, kwa herufi za kumdhihaki mzee yeyote, kwamba bia hii imepikwa bara, katika kiwanda kikubwa cha kampuni, *kwa moyo wa Hvedø*.

"Mbona hii..." Kresten akamgeukia Troels. "Mmeshachapisha?"

"Ni sampuli tu," akasema Troels. Raba zake zikaanza kurudi nyuma peke yake.

"Sampuli makreti kumi na tano?"

"Ilikuwa lazima tujiandae. Tulihakikishiwa kwamba kura..."

"Na nani?"

Macho ya Troels yalimponyoka yakaenda kwa Preben, yakarudi yamechelewa.

"Kwa hiyo hii tuliyokuwa tunainywa tangu saa nane," akasema mfuga kondoo polepole, yule aliyesifiwa kwa pua, "siyo ya Ragnhild?"

"Siyo."

"Mimi nimepiga skål kila ubeti!"

"Nilikuona," akasema Ragnhild. "Pua yako nimeitungia ubeti mzima. Ningejua ningeitungia nusu."

Kicheko kilianzia nyuma, kikali, cha watu waliojicheka kwanza kabla ya kukasirika. Mkono wa mfuga kondoo ukashuka. Wa Kresten ukashuka, ukaisukuma chupa mbali kama sahani ya mgonjwa. Mzee wa taa alishusha wake akitazama bomba la moshi kupitia dirishani. Naye alikuwepo siku ya keki.

Mikono miwili ikabaki hewani. Mmoja wa Preben. Mwingine wa Asta.

"Bi Asta!" Ragnhild akamkimbilia sikio zima. "Unakubali tuuze?"

"Kuuza? Nani anauza? Mimi naomba ruhusa niende msalani tangu ubeti wa mwenye duka!"

Birger akapiga kengele. Hoja imeanguka. Jikoni wakaanza kuleta nyama, na safari hii hakuna aliyeitazama kabla Ragnhild hajafungua bomba la pipa lake, bia nyeusi yenye moshi ikajaa glasi hadi glasi.

Preben alikuwa amekaa peke yake na karatasi yake yenye umbo la chupa. Nyumba yake haina maji, feri imekwenda. Ragnhild akavuta kiti mbele yake.

"Utalala kwangu. Kuna kochi. Lina manyoya ya paka."

"Ilikuwa hila," akasema Preben.

"Ilikuwa ajenda. Ulitia saini."

Preben akainyoosha karatasi yake. Halafu, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuzitumia maishani: "Na ubeti wangu?"

Ragnhild akamtazama Asta, aliyekuwa amerudi, amepata nafuu. Asta akapiga noti ya kwanza, safari hii haraka haraka. Na kisiwa kizima kikasimama kikamwimbia daktari wa meno ubeti uliomfananisha na hopsi, mmea mtambaazi wa kutia bia uchungu, unaoparamia mti wa mwenziwe. Preben mwenyewe akaimba nao, kwa ile sauti nzito, mpaka neno la mwisho. Hurrah tatu. Skål.

Sasa wewe. Usicheke ukaenda zako. Kampuni ile haijafa. Wiki iliyofuata ilivuka kwenda kisiwa cha jirani na makreti mapya na picha mpya, na inakutegemea wewe na mkono wako mmoja ulio juu na macho yako yaliyo jikoni. Hapo ulipo kuna chupa. Iwe ya bia, iwe ya soda, iwe ya maji ya kunywa yenye picha ya mlima. Weka chini hiki unachosoma. Igeuze. Soma nyuma imeandikwa imetoka wapi, soma kwa sauti ili na aliyekaa karibu nawe asikie, kisha mgeuzie na yake. Siyo kesho. Sasa hivi, kabla hujameza.