Mtoto wa Ukutani

Mitaani walimwita Kopo. Mama yake mzazi hakulipenda jina hilo, lakini alishalizoea kiasi cha kulitumia akikasirika: "Kopo, umeanza tena?" Kopo alianza kuchora akiwa binti mdogo, kwa mkaa, kwenye ukuta wa choo cha nyumba ya kupanga. Alichora kuku mwenye sura ya mwenye nyumba. Akachapwa, kuku akafutwa, na juma lililofuata kuku akarudi na vifaranga.

Kutoka mkaa akahamia rangi ya kupuliza, kutoka choo akahamia kuta za maghala, sikio moja likisikiliza mbwa na jingine walinzi. Ndiyo maana watu wote aliowachora zamani hawana miguu. Alikuwa akianzia kichwani, na kabla hajafika magotini ilimbidi atimue mbio.

Siku mwalimu wa uchoraji alipomkuta akipulizia ukuta wa nyuma wa chuo cha ufundi, hakumwita mlinzi. Alikaa juu ya tofali akasubiri amalize.

"Dada, huku nyuma hakuonwi na mtu," alimwambia. "Njoo mbele, mchana, uchore na wanafunzi wangu."

Kopo alidhani ni mtego. Akaenda hivyohivyo, na viatu vya kukimbilia.

Walipewa ukuta wa karakana, ule unaotazama lango, nao wakakubaliana kuchora watu wa karakana kama walivyo. Wanafunzi wakajifunza kutikisa kopo mpaka gololi ya ndani iimbe, kupeleka mkono mzima badala ya kiganja, na kutoganda mahali pamoja rangi ikaanza kulia machozi. Katikati akawekwa binti wa uchomeleaji waliyemwita Cheche, ngao ya uso kaipandisha kichwani, na mwanawe mgongoni kwa mbeleko.

Cheche mwenyewe ndiye aliyeomba. "Nichore naye, dada. Kila asubuhi nawaza kuacha chuo, kwa maneno ya watu. Nikijiona pale na mwanangu, nitajua na mimi ni wa hapa."

"Basi hapo hatoki mtu," alisema Kopo.

Siku moja kabla ya ziara ya wajumbe wa bodi, mkuu wa chuo alikuja kukagua, nyuma yake fundi rangi na ndoo ya rangi nyeupe.

"Kazi nzuri," alisema mkuu. "Huyo mtoto tu ndiye aondoke. Mahali pake iwekwe nembo ya chuo."

"Mgongoni?" aliuliza Kopo. "Abebe nembo kwa mbeleko?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka.

"Binti, hiki ni chuo, si kliniki ya watoto. Wageni watauliza tunafundisha nini."

"Uchomeleaji, Mama. Ngao si hiyo hapo?"

"Nimesema aondoke. Fundi, anza."

Fundi akachovya rola. Kopo hakumzuia. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaokota kopo la rangi nyeusi, akamnyooshea.

"Shika na hili, kaka. Sisi watu wa kuta tuna sheria yetu. Picha ya mwenzio unaweza kuifunika, lakini ukiifunika unaandika jina lako juu yake, kubwa, ili mwenye picha ajue pa kuuliza. Asiyeandika ni mwizi."

Fundi aliangalia kopo, akamwangalia mtoto wa ukutani, akamgeukia mkuu. "Sasa naandika la nani, Mama? Maana mimi na huyu mtoto hatujakosana."

Safari hii hakucheka mtu. Kopo akaligeuza kopo kwa mkuu wa chuo.

"Basi ni la kwako, Mama. Mfute, uandike. Kesho wageni wakiuliza nani katolewa hapa na nani kamtoa, wasihangaike."

Mkuu alilipokea, akalishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani aliyejikojolea. Akautazama ukuta. Akamtazama Cheche, aliyesimama kati ya wanafunzi na mwanawe mgongoni, na Cheche hakuinamisha macho. Mtoto akaanza kulalamika. Mkuu akalitua kopo chini.

"Hutachora tena kwenye chuo hiki," alisema.

"Sawa, Mama. Ukuta wenyewe umeshajaa."

Mkuu akaondoka bila kugeuka. Fundi akafunika ndoo yake akinung'unika kwamba na hiyo rangi yenyewe ilikuwa maji matupu, isingemfunika hata sisimizi.

Kopo akavuta pumzi, akatikisa kopo la kahawia.

"Cheche, mgeuze huku nimwone," alisema. "Macho yake bado sijayapatia."